Chumvi ya Wifi

Mimi nina wivu. Nasema mapema ili msije mkahangaika kunichunguza. Wapo wanaouita kujali, wapo wanaouita kupenda kazi. Mimi nauita kwa jina lake. Nilikuwa nao tangu utotoni, lakini haukuwahi kupata chakula cha kushiba mpaka wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alipoajiriwa ofisini kwetu na kupewa meza iliyotazamana na yangu.

Ofisi yenyewe ni chumba kirefu katika ghorofa ya chini ya Wizara ya Ulinzi, chenye madirisha ya nondo na feni moja inayozunguka huku ikilalamika. Watu wakisikia jina la wizara hudhani tunashinda na bunduki. Bunduki tunazisikia redioni kama wengine wote. Sisi ni kitengo cha makadirio ya huduma za mkataba. Jeshi la siku hizi halijifanyii kila kitu: kampuni moja inapika, nyingine inafua sare, nyingine inatengeneza malori, na nyingine inakodisha helikopta za kupeleka chakula kwenye kambi za mlimani, ambako mvua zikianza barabara hazipitiki. Kazi yetu ni kusema leo jeshi litahitaji kiasi gani cha huduma hizo mwaka ujao. Ukisema kidogo, askari analala na njaa. Ukisema kingi, serikali inalipia helikopta iliyokaa chini, maana mkataba wa helikopta ni wa saa: ukishaagiza saa zako, iruke isiruke, unalipa.

Basi kazi hii ina desturi yake, ambayo haijaandikwa popote. Makambi yote hutia chumvi. Afande anayehitaji saa mia tisa za helikopta ataomba elfu moja, kwa sababu anajua sisi tutakata. Na sisi tunakata, kwa sababu tunajua ametia. Kukata huko tunakuita kuosha. Sehemu moja ya kumi inakwenda na maji, na kinachobaki ndicho alichokitaka tangu mwanzo. Kila mtu anamdanganya mwenzake kwa kipimo kilekile na hesabu inatoka sawa. Muoshaji nilikuwa mimi. Hakuna makadirio yaliyotoka chumbani mle bila kupita mikononi mwangu, na saini yangu ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabla hayajapelekwa Hazina kuchapwa katika kitabu cha bajeti.

Halafu kilikuwepo kile kiti. Kila mwaka waziri akienda mbele ya kamati ya bunge kukitetea kitabu hicho, mtu mmoja wa kitengo chetu hukaa nyuma yake. Waziri akiulizwa swali gumu huegemea nyuma kidogo, na mtu huyo humnong'oneza jibu sikioni. Kwa miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi. Televisheni ilionyesha kikao kizima, ingawa kwa upande wangu ilionyesha sikio na nusu ya kilemba. Nilikipenda kiti kile kuliko ninavyoweza kueleza bila kuonekana mjinga.

Mwaka huo mkuu wetu wa kitengo alikuwa anastaafu. Tulimwita Mzee Koti, kwa kuwa hakuwahi kuvua koti hata siku ambazo feni yenyewe ilikata tamaa. Ofisi nzima ilijua kwamba atakayekaa kwenye kiti mwaka huo ndiye atakayerithi nafasi yake. Asubuhi moja akaja akasimama katikati ya meza yangu na ya wifi, akakohoa.

"Mama, umetutumikia vizuri sana," akaniambia. "Lakini safari hii kwenye kiti akae wifi yako. Amekuja na mambo mapya, wakubwa wanataka kuyaona."

"Ni sawa kabisa, Mkuu," nikajibu, na meno yangu yakafanya kazi ya kutabasamu peke yao.

Wifi akainuka, akanishika mkono. "Wifi yangu, utanifundisha eti?"

"Nitakufundisha nini mimi, mtu wa mambo ya zamani?"

Akacheka akidhani natania. Au labda hakudhani hivyo. Huyu mtu ana uso mzuri wa mviringo ambao hausomeki, na hilo nalo nilimwonea gere.

Mambo mapya yenyewe yalikuwa haya. Badala ya kungoja makambi yalete maombi, wifi alipanda gari la ofisi akayaendea moja moja. Alikaa na wasimamizi wa stoo, akanywa chai yao ya majani ya jana, akawauliza magunia yanaisha lini na malori yanakwama wapi. Mmoja wao, tuliyemwita Afande Stoo, alikuwa amehamishiwa kambi mpya iliyofunguliwa juu kabisa ya mlima. Huyo nimezungumza naye kwa simu miaka na miaka, na miaka yote hiyo ameniapia kwa jina la mama yake mzazi huku ananidanganya. Wiki moja baada ya wifi kurudi, akanipigia.

"Mama, huyu wifi yako ametushinda," akasema. "Safari hii hatujatia chumvi hata punje. Tumempa kitu kilivyo."

"Mbona mimi miaka yote hamkunipa kitu kilivyo?"

Akacheka kicheko kizuri, kisicho na ubaya wowote, ndiyo maana kilinikata maini. "Wewe hukuwahi kutuuliza, Mama."

Sikumuuliza hata hapo ni saa ngapi za helikopta alizoomba. Ningeuliza kwa sauti gani?

Na usidhani nilipotoka ofisini nilipumzika. Wifi alikuwa anaishi kwetu, chumba cha nyuma, "kwa muda", na muda huo ulikuwa umeshaota mizizi. Mume wangu ni mwalimu wa udereva, mtu mpole ambaye maisha yake yote mguu uko kwenye breki. Miaka yote niliyokaa nyuma ya waziri alikuwa akirudi jioni na kuniuliza, "Enhee, leo ilikuwa ile siku yako?" Basi. Lakini aliposikia kuhusu dada yake, alipanda juu ya bati akageuza antena mwenyewe. Akaalika majirani. Mama mkwe, ambaye naye tunaishi naye, akatoa kitambaa cha sherehe kwenye sanduku akakipiga pasi.

"Mama, kwani unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Siendi popote. Mwanangu atakuwa kwenye televisheni, nimtazame na matambara?"

"Na mimi si nilikuwaga kwenye televisheni?"

Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Ndiyo, mwanangu. Lilionekana sikio."

Usiku ule nilitamani kulia, nikaona haya kulia kwa sababu ya antena.

Makadirio ya wifi yaliletwa mezani kwangu siku ya Jumatatu, katika jalada jipya, ili niyaoshe. Kambi ya mlimani ilikuwa imeomba saa elfu moja za helikopta. Kwa kuwa kambi yenyewe ilikuwa mpya, hakukuwa na mwaka wa nyuma wa kulinganisha nao. Ningeweza tu kuamini au kuosha. Na mimi nilikuwa na neno la Afande Stoo kwamba hamna chumvi ndani yake. Kitu kilivyo.

Hebu nifikirieni pale nilipokaa, kalamu mkononi. Nikiosha, saa za kweli zinapungua. Mvua zikianza, saa za helikopta zitakwisha kabla ya msimu kuisha, kambi itapiga kelele, na watu watauliza yale makadirio yalikuwa ya nani. Yalikuwa ya wifi, yule wa mambo mapya. Na mimi? Mimi ningekuwa nimefanya kazi niliyoajiriwa kufanya, kwa kipimo kilekile cha kila mwaka. Hakuna mtu duniani ambaye angeninyooshea kidole. Sijawahi kupewa zawadi iliyofungwa vizuri namna ile. Moyo ulinidunda kwa furaha, nasema kweli, furaha.

Nikasema nikanywe maji kwanza, ili nifanye kwa kutulia.

Chupa ya maji hukaa karibu na chumba cha mikutano. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikachungulia, nikamwona wifi. Alikuwa amepanga viti viwili, kimoja mbele ya kingine. Amekaa kile cha nyuma, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Kisha akainama mbele akanong'ona kitu kwenye sikio la kiti kitupu. Akarudi nyuma. Akatikisa kichwa, hakuridhika. Akainama tena, safari hii taratibu zaidi, mkono umefunika mdomo.

Nami nilifanya hivyohivyo mwaka wangu wa kwanza. Chumba kilekile, kiti kilekile cha mguu mbovu. Niliogopa pumzi yangu isije ikanuka kitunguu. Sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba naogopa, na yeye, nikaona, hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mtu mwenyewe angekuwa mimi.

Nikarudi mezani. Wivu haukuniondoka, msije mkanipamba. Ulikaa palepale umekunja miguu unanitazama. Lakini niliandika chini ya yale makadirio "yapite kama yalivyo", nikaweka saini. Sikumwambia mtu. Nilijiona mwepesi, nikajiona malaika, nikapika jioni ile nikiimba mpaka mume wangu akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Siku ya kamati niliomba ruhusa nikabaki nyumbani. Sebule ilijaa. Majirani wamekaa hadi kwenye mikono ya makochi, mama mkwe na kitambaa chake katikati, mume wangu amesimama kando ya televisheni, tayari kuipiga kofi kama picha itacheza. Waziri akaingia. Nyuma yake wifi. Alionekana uso mzima! Sijui ni kamera mpya au ni uso wenyewe. Watu wakapiga vigelegele. Nikapiga na mimi, chini chini.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye helikopta. Mjumbe mmoja wa kamati, mama wa miwani, akauliza kambi mpya ya mlimani inahitaji saa ngapi kwa mwaka, na hesabu hiyo ina uhakika gani. Waziri akaegemea nyuma. Wifi akainama, mkono umefunika mdomo, vizuri kabisa kama alivyojifunza. Waziri akarudi kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa, ni saa mia tisa. Na nikuhakikishie, hakuna hata moja ya ziada."

Sebuleni wakapiga makofi. Mimi mikono yangu ilibaki hewani.

Yule mama akavua miwani, akaivaa tena, akafunua kitabu. "Kitabu chako kinaomba elfu moja, Mheshimiwa Waziri. Hizo nyingine ni za nani?"

Waziri akafunua kitabu kilichokuwa mbele yake, kilichotoka kuchapwa asubuhi ileile. Akageuka nyuma, akageuka mzima, siyo ile ya kuegemea, na nchi nzima ikauona uso wa wifi yangu ukibadilika rangi. Mama mkwe akauliza, "Picha imeganda?" Haikuganda.

Kamati ikigundua chumvi haioshi, inamwaga sufuria. Wakakata wakafikisha saa mia saba, "mpate adabu", wakapita na mkataba wa chakula wakaukata, na wa malori wakaukata. Mume wangu akazima televisheni. Majirani wakakumbuka kazi zao.

Wifi alirudi jioni, viatu mkononi. Sote tulikuwa sebuleni. Hakumsalimia hata mama yake. Alikuja moja kwa moja akasimama mbele yangu.

"Wifi, kwa nini hukuosha?"

"Nioshe nini?" nikasema. "Yalikuwa safi. Afande Stoo mwenyewe aliniambia hawajatia chumvi."

"Afande Stoo alinipa mia tisa. Chumvi niliitia mimi."

Nikamtazama. "Wewe? Wewe wa kitu kilivyo? Kwa nini?"

"Kwa sababu nilijua utaosha." Hakupandisha sauti, ingekuwa afadhali angepandisha. "Tunalala nyumba moja, tunakunywa chai meza moja. Nimeona unavyoniangalia tangu Mzee Koti anipe kile kiti. Nikasema, huyu hata nikimletea kitu safi namna gani ataosha, na atafurahi. Nikaongeza kile utakachokata. Nilikukadiria, wifi. Nilikukadiria kama ninavyokadiria mvua."

"Lakini sikuosha!" nikasema. "Niliacha. Niliacha kwa ajili yako! Nilikuona chumba cha mikutano unanong'oneza kiti, nikakuonea..." Na hapo nikasikia jinsi ninavyosikika.

Mama mkwe akafyonza. Akakikunja kitambaa chake, mara mbili, mara nne, akaenda nacho chumbani.

Nikamgeukia mume wangu. "Baba watoto, wewe unanijua."

Na huyo mtu mpole, mtu wa breki, akasema taratibu akiangalia sakafu, "Ndiyo, nakujua. Basi useme tu ulifanya makusudi, mke wangu, tulale."

Miaka yote nimekuwa na wivu na hakuna aliyenikemea. Siku moja nikauweka kando, siku moja tu, ikawa ndiyo siku wameuona. Ningeosha, tungekaa sebuleni tukicheka, wifi angekuwa na kiti na kesho yake angekuwa na ofisi, nami ningemchukia kwa raha zangu, na Afande Stoo angepata saa zake zote mia tisa.

Ofisi ya Mzee Koti nilipewa mimi. Aliponikabidhi funguo alinikonyeza. "Umecheza vizuri, Mama," akasema. Nilifungua mdomo nimweleze, nikaufunga. Nilikuwa nimeitamani meza ile kwa miaka, nikaikalia nikaona kiti chake kinanibana mgongo.

Mvua zilipoanza, saa mia saba ziliisha kabla ya msimu kwisha. Kambi ya mlimani ilikula biskuti kavu mpaka barabara ikapitika, na Afande Stoo akaacha kunipigia simu. Mtu mwingine wa kambi hupiga kwa niaba yake, na makambi yote yamerudia chumvi yao, nzito kuliko mwanzo. Siwalaumu.

Wifi alihama nyumbani kwetu akapanga chumba mtaa wa pili. Ofisini hakuhama. Anafanya kazi yake, ananiita Mkuu mbele za watu na wifi tukiwa wawili. Sijui kwa nini hakuhama, na sitamuuliza. Wakati mwingine namtazama kupitia kioo cha mlango wangu, na lile la zamani linapanda kooni palepale: jinsi anavyocheka na madereva, jinsi shingo yake inavyokaa. Lakini kuna jingine limeongezeka, nalo linanisumbua zaidi. Hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akanifikiria kwa makini namna ile. Mume wangu, miaka yote hii, hajui hata siku niliyokuwa kwenye televisheni. Wifi alinipima kama tunavyopima kazi, msimu kwa msimu, mpaka akapata kipimo changu. Alikosea, ndiyo. Ila alikosea kwa upande wa wema wangu, na wema hakuna aliyewahi kuutegemea kwangu.

Juzi ameleta makadirio ya mwaka ujao. Aliyaweka mezani kwangu, jalada jipya tena. Kambi ya mlimani, helikopta, saa elfu moja na mia moja. Kambi imekua, askari wameongezeka. Inawezekana ni kitu kilivyo. Inawezekana pia siyo. Nilishika kalamu, nikaiweka chini.

"Funga mlango, wifi," nikamwambia.

Akaufunga.

"Niambie tu. Mwaka huu umenitilia chumvi, hukunitilia?"

Alinitazama kwa ule uso wake wa mviringo usiosomeka. Nilidhani atacheka, nilidhani atalia, nikawa tayari kwa vyote viwili.

"Kadiria, wifi," akasema, akafungua mlango akarudi mezani kwake.

Nikabaki namwangalia kisogo kupitia kioo, kalamu mezani, nikijiuliza safari hii alipokaa kunikadiria alinifanya mtu wa namna gani.